Wodi ya Watoto Haipungui

Simu ya ofisini kwa Elieth ilikuwa na mlio mmoja tu, na kwa mlio huohuo watu wa maabara, wa famasi, wa mapokezi na wa uhasibu walimwita kutwa nzima. Kompyuta imekufa. Printa imekufa. Mtandao umekufa. Alipoajiriwa na ile hospitali ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Tarime, alikuwa akikimbia na bisibisi mfukoni. Siku hizi alitembea. Alishajua kwamba mara nyingi kilichokufa ni soketi iliyozimwa na mfagiaji, au waya uliochomolewa ili mtu achaji simu yake. Alirudisha waya, kompyuta ikawaka, na mwenye meza akasema, "Wewe mtoto una mkono," bila kuuliza shida ilikuwa nini. Kesho yake alimpigia tena.

Hakuwa na hasira. Hasira alikuwa nayo mwaka wa kwanza. Ilipoisha hakuna kitu kilichokuja kukaa mahali pake.

Hospitali ilikuwa imenunua mfumo wa kompyuta kutoka kampuni moja ya Mwanza. Mgonjwa aliandikishwa humo akiingia, akafuatwa humo chumba kwa chumba, akatolewa humo akiondoka. Elieth ndiye aliyewafundisha wote kuutumia, na wote walitikisa vichwa kwamba wameelewa. Baadaye pasiwedi zao alizikuta zimeandikwa kwenye plasta na kubandikwa juu ya skrini, kila mtu aingie kwa jina la yeyote. Wasichana wa mapokezi hawakutafuta jina la mgonjwa aliyewahi kuja, kwa sababu kutafuta kunachelewesha foleni. Walimsajili upya. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kenyamonta aliyekuwa na mafaili mengi humo ndani, kila faili na umri wake, moja likisema ana miaka sita. Daktari mmoja alijaza "kama jana" kila mahali palipotaka maelezo, hata kwa mgonjwa aliyefika siku hiyo.

Elieth alirekebisha alichoweza. Kilichobaki alikiacha.

Katibu wa hospitali, Bwana Filemoni, alimwita asubuhi moja akiwa ameshika karatasi ya ripoti kwa ncha za vidole kama kitu kilicholowa.

"Wodi ya watoto ina vitanda ishirini na vinne," alisema. "Ripoti yako inasema wamelazwa hamsini na mmoja. Wanalala wapi, binti? Juu ya mabati?"

"Si ripoti yangu, Katibu. Ni wodi hawawatoi kwenye mfumo."

"Wewe ndiye mtu wa mfumo. Nenda ukawafanye wawatoe."

Alienda. Wodi ya watoto ilikuwa chini ya Sista Zilpa Olima, muuguzi Mjaluo aliyekaribia kustaafu, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo watoto waliisikia hata wakiwa wanalia. Kompyuta ya wodi ilikaa kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na juu ya kitambaa kumewekwa chupa ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nyathina. Umekuja kwa ajili ya huyu mgeni wangu?" Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu. Zilpa aliondoa chupa, akakunja kitambaa taratibu.

Elieth alivuta kiti, akafungua orodha ya waliolazwa. Watoto walioruhusiwa kwenda nyumbani walikuwa wametolewa vizuri, kila mmoja kwa tarehe yake. Hakutegemea hilo. Ina maana Zilpa alijua kazi. Waliobaki kwenye orodha bila kuwepo vitandani walikuwa wa aina moja tu.

"Mama, hawa mbona hujawatoa?"

Zilpa hakutazama skrini. "Hao walitutoka."

"Ndiyo. Sasa unabonyeza hapa, unachagua 'Amefariki', unathibitisha, basi. Kitanda kinakuwa huru."

"Vitanda viko huru. Niliviosha mwenyewe kwa dawa. Watoto wengine wamelala humo."

"Kwenye mfumo haviko huru."

"Basi mfumo uje uangalie."

Elieth alieleza tena, kwa sauti ileile ambayo alikuwa akieleza nayo kila kitu kwa kila mtu. Akambonyezea hadi hatua ya mwisho ili aone ilivyo rahisi. Kiboksi kidogo kilitokea katikati ya skrini: *Umechagua AMEFARIKI. Kitendo hiki hakiwezi kubatilishwa. Una uhakika?* Chini yake kulikuwa na Ndiyo na Hapana, na pembeni jina: Zilpa A. Olima.

"Unaona?" Zilpa alisema. "Inaniuliza mimi kama nina uhakika. Mtoto nimemshika hapa, nimempumulia, daktari amekuja amesema tuache, mama yake nimemfunga kanga kiunoni kwa mikono yangu hii aweze kusimama. Halafu nije nikae kwenye kiti, kitu cha plastiki kiniulize kama nina uhakika."

"Ni swali tu la kawaida, mama. Hata ukifuta barua linauliza."

"Ndiyo hivyo," Zilpa alisema. Akabonyeza Hapana, kwa kidole kimoja, kisha akafunika kompyuta.

Elieth alirudi mara mbili nyingine kwa amri ya Katibu. Mara ya pili alikuta Zilpa ana dripu tatu za kuangalia, akasubiri, akaondoka. Mara ya tatu hawakubishana hata kidogo. Zilpa alimmiminia chai, Elieth akainywa, orodha ikabaki ilivyo. Alipiga simu Mwanza kwa kampuni ya mfumo. Kijana wa pale aliyeitwa Joel alimsikiliza huku akibofyabofya kitu.

"Swali la uthibitisho tunaweza kulitoa?" Elieth aliuliza.

"Hilo si tatizo la mfumo, dada. Hilo ni tatizo la mtumiaji."

"Najua ni la mtumiaji. Nauliza kama linaweza kutolewa."

"Andika ombi. Litaingia kwenye toleo lijalo kama wateja wengine nao watalalamika."

Aliandika ombi. Halafu alimwambia Katibu kwamba kampuni inashughulikia, ambayo ni kauli aliyoitumia kwa mambo mengi, na Katibu akaanza kugombana na uhasibu kuhusu jambo jingine. Miezi ilipita. Wodi ya watoto iliendelea kujaa kwenye ripoti.

Elieth alipanga chumba karibu na barabara ya kwenda Sirari. Akitoka kazini alinunua maharage na ugali kwa mama mmoja, akala, akalala na simu juu ya kifua. Nyumbani kwao Morotonga mama yake alimpigia kila Jumapili kuuliza kazi inaendaje, naye alijibu inaenda. Mdogo wake Lilian aliwahi kunyakua simu akasema, "Dada, unaongea kama ile sauti ya kununua vifurushi." Elieth alikubali kwamba ni kweli.

Siku ambayo Heche alikuja, mvua ilikuwa imenyesha toka alfajiri na umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Betri ya akiba chini ya meza ya Elieth ilikuwa ikilia pii, pii, kila umeme ulipokatika. Alikuwa amepiga magoti akitafuta kitufe cha kuinyamazisha, aliposikia mtu anabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Mapokezi wamesema wewe ndiye unayehusika na simu," mtu huyo alisema.

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti limelowa, gambuti zimejaa udongo mwekundu hadi kwenye vifundo. Alivua kofia. Elieth alisimama, akampa shikamoo, akamkaribisha kiti, akimwita tata, yaani baba, kwa Kikurya.

"Ninahusika na kompyuta, tata. Simu yako ina shida gani?"

"Simu haina shida." Akatoa simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira wa kubana noti, akafungua ujumbe, akampa. "Soma."

Elieth alisoma. *Ndugu mzazi/mlezi wa NYANGI HECHE, unakumbushwa kumleta mtoto kliniki kwa chanjo ya surua ya pili. Mtoto mwenye afya ni furaha ya familia.* Chini kulikuwa na jina la hospitali.

Ujumbe huo aliujua. Ndiye aliyeuwasha. Mfumo wenyewe uliwatumia wazazi wa watoto wadogo wote walio kwenye kumbukumbu, ukarudia kila wiki mpaka mtoto aletwe, na uongozi ulikuwa umeutaja kwa fahari mbele ya wageni.

"Mtoto hajaletwa?" Elieth aliuliza. Mdomo wake uliuliza kabla hajafikiri, kwa sababu hilo ndilo swali linalofuata.

"Mtoto alifia hapa," Heche alisema.

Umeme ulikatika. Betri ikaanza kulia.

"Wa kwanza ulipokuja nilinyamaza," Heche aliendelea, kana kwamba hakuisikia betri. "Nilisema wamekosea namba. Wa pili mke wangu alikuwa na simu, mtoto wa jirani akamsomea. Alilia mpaka ng'ombe wakarudi wenyewe, hakuna wa kuwafungulia zizi. Wa tatu umekuja juzi. Hakulia. Alioga, akavaa gauni la kanisani, akachukua kadi ya kliniki, akakaa nje kwenye kigoda. Nikamwambia, Mama Nyangi, unakwenda wapi? Akasema, si wanamwita? Hospitali hawawezi kumwita mtu hivihivi."

Elieth alimrudishia simu.

"Mtoto nilimzika mwenyewe, Gorong'a, nyuma ya nyumba. Mimi sina wasiwasi. Lakini mke wangu sasa amekaa kwenye kigoda." Alivuta pumzi. "Nimekuja uiambie hiyo mashine iache kumwita mwanangu."

"Pole sana, tata."

"Asante. Iambie."

Elieth alikaa kwenye kiti chake. Aliandika jina. Nyangi Heche, jinsia ya kike, wodi ya watoto, kitanda cha dirishani. Hali: amelazwa. Kwa mujibu wa mfumo mtoto huyo alikuwa hapo ng'ambo ya ua, akitibiwa kwa dripu ambayo hakuna aliyeifunga. Heche alikuwa ameinama kutazama skrini, na Elieth hakujua kama anaweza kusoma kilichoandikwa. Alikuwa anaweza.

"Inasema amelazwa," Heche alisema polepole.

"Hajatolewa kwenye kumbukumbu. Ni kosa letu. Namtoa sasa hivi."

Yeye hakuwa na ruhusa ya kumtoa mgonjwa; ruhusa hiyo ni ya muuguzi wa wodi. Lakini pasiwedi ya Zilpa aliijua. Aliingia kwa jina la Zilpa, akafungua faili, akachagua. Kiboksi kikatokea katikati ya skrini na swali lake. Elieth alikuwa amebonyeza Ndiyo kwenye viboksi kama hivyo mara nyingi kuliko alivyowahi kusema neno hilo kwa mdomo. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kipanya.

"Hilo jina pembeni ni lako?" Heche aliuliza.

"La muuguzi wa wodi. Sista Zilpa."

"Yule mama mfupi?"

"Ndiyo."

Heche alinyooka. "Yule alikuwepo," alisema. "Wewe hukuwepo. Mwite yeye."

Elieth angeweza kumweleza kwamba ni kubonyeza tu, kwamba matokeo ni yaleyale. Maneno yote alikuwa nayo. Aliinua simu akapiga wodini.

"Mama, naomba uje ofisini kwangu kidogo. Baba yake Nyangi Heche yuko hapa."

Kwenye simu ilisikika sauti ya mtoto analia kwa mbali, na nyingine ikimbembeleza.

"Nakuja," Zilpa alisema.

Alikuja akiwa amejifunika plastiki kichwani kwa mvua. Heche alisimama. Walisalimiana kwa mikono miwili, na Zilpa hakuuachia mkono wake haraka.

"Mama yake anaendeleaje?"

Heche akamweleza habari ya ujumbe, na kigoda, na gauni la kanisani. Alieleza kwa maneno machache kuliko mara ya kwanza. Zilpa alisikiliza huku maji yakichuruzika kutoka kwenye plastiki hadi sakafuni, kisha akamgeukia Elieth.

"Ni kwa sababu sikubonyeza?"

Elieth angeweza kusema mambo mengi: ujumbe, mipangilio, kampuni ya Mwanza. "Ndiyo, mama," alisema.

Zilpa aliitikia kwa kichwa. Hakujitetea. Alikaa kwenye kiti cha Elieth, akavaa miwani iliyoning'inia shingoni, akasogeza uso karibu na skrini. Akasoma kwa sauti, kama mtu anayesomea darasa, neno moja baada ya jingine: "Umechagua amefariki. Kitendo hiki hakiwezi kubatilishwa. Una uhakika?"

Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya lakini haukusogea.

"Ndiyo," alisema Heche, nyuma yake.

Zilpa alibonyeza. Jina la Nyangi liliondoka kwenye orodha na lililokuwa chini yake likapanda mahali pake. Hakuna kingine kilichotokea. Heche alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri stakabadhi, kisha akauliza, "Imekwisha?"

"Imekwisha, tata," Elieth alisema. "Hautakuja ujumbe mwingine."

"Nitamwambiaje mama yake?"

Swali hilo halikuwa la mtu wa kompyuta. Zilpa alivua miwani. "Mwambie nimesema mimi. Mwambie yule mama aliyemfunga kanga amesema hospitali ilikosea, haimwiti mtoto. Na akiweza kusafiri, aje wodini anione. Si kwa kliniki. Aje tu anione."

Heche alivaa kofia yake iliyolowa. Mlangoni aligeuka akamwangalia Elieth, akasema asante, binti, akaenda. Kupitia dirisha walimwona akivuka ua akikwepa madimbwi, ingawa gambuti zake hazikuhitaji kukwepa kitu.

Elieth alingoja ajisikie kitu. Alijua kwamba mahali kama hapa mtu hulia, au hukasirika, au humshukuru Mungu. Aliona tu kwamba umeme umerudi na kwamba kiti wanachokalia wageni kimelowa, kitahitaji kufutwa.

"Wengine wako wapi?" Zilpa aliuliza.

"Nani?"

"Waliobaki. Nioneshe."

Elieth alimfungulia orodha. Zilpa alianza na wa juu. Hakubonyeza haraka. Kila jina alilisema, kisha akasema kitu kingine kidogo, si kwa Elieth hasa. Huyu mama yake alikuwa anasoma sekondari. Huyu alikuja na shangazi, alipenda uji wa ulezi. Huyu walikuwa mapacha, mwenzake yuko hai, anatembea. Huyu simkumbuki, alisema kwa mmoja, na hapo ndipo alipokaa muda mrefu kuliko wote, mikono mapajani, mpaka Elieth akadhani ameacha. Kisha akasema, "Nisamehe," akabonyeza.

Simu ya mezani ililia katikati ya kazi. Elieth aliinua. Famasi walisema printa imekufa.

"Nakuja," alisema, lakini hakwenda. Alikaa juu ya boksi la karatasi pembeni ya Zilpa mpaka orodha ikaisha.

Zilpa hakugeuka kuwa mtumiaji mzuri wa mfumo. Peke yake hakuwahi kubonyeza. Ila tangu siku hiyo, mtoto akifariki wodini, alimpigia Elieth akasema, "Nyathina, njoo tukae." Elieth alikwenda, akaketi kwenye kiti cha pili, Zilpa akasema jina na jambo moja kuhusu mtoto, akabonyeza. Hawakuongea zaidi. Bwana Filemoni aliona ripoti imekaa sawa, akamsifu Elieth kikaoni kwa mafunzo mazuri. Baadaye alipomkuta wodini mara kwa mara aliuliza kwa nini mtu mmoja hawezi kufanya kazi ya kitufe kimoja. Elieth alimwambia bado wanafundishana. Katibu akajikuna shingo, akaondoka.

Ujumbe wa kliniki Elieth aliuzima kabisa kwa wiki nzima, akapitia majina yote ya wodi zote, akaenda mwenyewe kwa wauguzi kuuliza yupi yuko na yupi hayuko. Wengi walimfukuza, wakasema wana kazi. Aliwarudia. Hakupandisha sauti wala hakubembeleza. Alisimama tu mlangoni mpaka wakachoka kumwona. Kijana wa Mwanza alipiga simu kulalamika kwamba takwimu za ujumbe zimeshuka.

"Ni tatizo la mtumiaji," Elieth alimwambia.

Mama Nyangi alikuja kabla ya mavuno. Elieth hakumwona, alisikia kwa wengine kwamba alikaa wodini kutwa nzima, akasaidia kukunja mashuka, akarudi Gorong'a na gari la jioni.

Ijumaa moja, miezi kadhaa baadaye, Elieth alijikuta amesimama kwenye mlango wa wodi ya watoto bila kuitwa. Alifikiri labda alisikia simu, lakini hakukuwa na simu. Zilpa alikuwa anapima dawa kwenye kijiko, jicho moja limefumbwa.

"Kuna aliyetutoka?" Elieth aliuliza.

"Leo hakuna."

"Basi narudi."

"Umeshafika. Kaa." Zilpa alimpa mtoto dawa, akamfuta mdomo kwa kidole gumba, akaja na vikombe viwili. "Hujawahi kuniambia kwenu ni wapi."

"Morotonga, karibu na Mugumu."

"Mama yupo?"

"Yupo. Analima mtama. Ana mbuzi pia, wakorofi sana." Elieth alisikia sauti yake ikiendelea, ikieleza habari ya beberu mmoja aliyekula nusu ya paa la jiko, na jinsi Lilian alivyopanda juu kumfukuza akakwama. Zilpa alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Elieth hakucheka, lakini alieleza habari hiyo hadi mwisho. Kikombe kilipoisha alishika njia ya maabara, ambako walikuwa wakimngoja tangu asubuhi.